Simu ni Yako, Ufunguo ni wa Nani?

Chukua simu yako ubonyeze *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Hiyo ndiyo IMEI, namba ambayo simu ilizaliwa nayo kiwandani na itakufa nayo, hata ukibadilisha laini mara mia. Mtandao unaiona kila unapowasha simu. Mafundi wa Luthuli wanaijua kazi yake kuliko wanasheria wengi. Na tangu 2012, serikali ya Kenya imejaribu angalau mara tatu kuitumia namba hiyo kuamua simu ya nani iishi na ya nani ife.

Mimi ni mtu wa vifaa. Napenda simu, redio kuukuu za mawimbi mafupi, na zile kompyuta za ex-UK zinazofika Nairobi bado zimebandikwa stika ya shule fulani ya Uingereza. Naamini pia, kama wengi tuliolelewa Eastlands, kwamba serikali inafaa ikae mbali na mfuko wa mtu mpaka iwe na sababu nzito na karatasi ya hakimu. Lakini kama ni kulalamikia serikali tu, hiyo tunaifanya bure kwenye matatu kila asubuhi. Hapa nataka kufuata swali moja kutoka miaka ya 1920 hadi leo, bila kwenda mbali sana na Barabara ya Jogoo: ukiwa na kitu mkononi, na mtu mwingine akiwa na uwezo wa kukizima, hicho kitu ni cha nani?

Babu wa IMEI ni kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, vita vikaichelewesha, na ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole na historia ya kazi zake. Karatasi iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, na wapo waliosema kilifanana na kengele ya mbuzi. Watu hukumbuka kile kikebe kwa sababu kilikuwa cha aibu. Mimi naona ubaya wenyewe ulikuwa ndani, kwenye saini. Mwajiri aliandika siku uliyoanza kazi, mshahara uliolipwa, na siku uliyoachishwa. Kama hakukusaini utoke, hukuweza kuajiriwa kihalali kwingine, na ukiondoka hivyo hivyo ulikuwa mtoro, kesi ya polisi. Kipande ulikibeba wewe shingoni mwako, jasho lilikuwa lako, lakini kilichofanya kifanye kazi kilikaa kwenye kalamu ya mtu mwingine. Tena mshahara ulioandikwa kule ulimfuata mtu kama kivuli, maana mwajiri mpya aliusoma kabla ya kutaja wake.

Kuna jambo dogo kwenye historia hii ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Harry Thuku, kijana aliyesimama Nairobi kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara, alikuwa mtu wa simu. Kazi yake ilikuwa kuunganisha simu kwenye ofisi za Hazina ya serikali. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi, karibu na Hoteli ya Norfolk, ukapigwa risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye ndiye aliyewachochea wanaume wasirudi nyuma. Thuku akapelekwa Kismayu. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni hadi sheria mpya ya 1947 ilipoanza kuwasajili watu wa rangi zote.

Wakati huo huo, upande wa mashariki wa reli, mji ulikuwa unajifunza njia nyingine ya kumpa mtu kitu bila kumpa. Nairobi ya wakoloni haikumtaka Mwafrika awe mwenyeji. Ilitaka mfanyakazi: aje, afanye kazi, arudi kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ikatenga Pumwani kuwa mahali pa Waafrika. Mpango wake ulikuwa hivi: mtu alijenga nyumba kwa pesa zake mwenyewe, miti, udongo na mabati ya debe, akapangisha vyumba, akaitwa mwenye nyumba. Wengi wa wenye nyumba hao walikuwa wanawake, waliojikusanyia shilingi kwa kazi ambazo mji ulizitumia mchana na usiku na kuzidharau Jumapili. Lakini ardhi ilibaki ya manispaa, na kiwanja kililipiwa kodi. Kuta zilikuwa zake, chini hakukuwa kwake.

Walichokuwa wanahofia kilikwisha tokea kwingine na kikatokea tena. Kijiji cha Pangani, ambacho nacho kilijengwa na Waafrika wenyewe, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Hakuna aliyesema nyumba zile hazikuwa zao. Ilisemwa tu kwamba mahali zilipokaa hapakuwa pao. Siku hizi nikimsikia kijana akisema ameijenga akaunti yake kwa miaka sita, ana wafuasi elfu hamsini, na asubuhi moja ameamka akakuta imefungwa na hakuna wa kumpigia simu, huwa nafikiria mabibi wa Pumwani. Wangemwelewa bila kuelezwa intaneti ni nini.

Baadaye zikaja nyumba za kanjo zenyewe: Kaloleni, Ziwani, Bahati, Jericho, Maringo. Humo watu wamezaliwa, wakaoa, wakazikwa na mazishi yao kuchangiwa kwenye ukumbi wa mtaa, na mpangaji akabaki mpangaji hadi kizazi cha tatu. Mtu anapaka rangi, anaongeza chumba cha mabati nyuma, anarithisha mtoto, na kwenye kitabu cha City Hall bado ni namba ya nyumba na deni la kodi.

Miaka ya 1970 ndipo Eastlands ilipoonja kitu tofauti. Umoja ilijengwa kwa msaada wa Marekani, Buruburu kwa mkopo wa shirika la maendeleo la Uingereza, na Dandora kwa pesa za Benki ya Dunia, ambako viwanja kama 6,000 viligawiwa vikiwa na choo, bomba la maji na maagizo ya kujijengea mengine. Nyumba zenyewe zilinunuliwa pole pole: lipa kila mwezi, miaka na miaka, na mwisho wa safari upewe karatasi. Ukiingia nyumba fulani za Umoja leo utakuta mkebe wa biskuti umejaa risiti za kanjo, nyingine wino umefifia mpaka zinasomeka kwa imani. Hazitupwi. Mwenye mkebe anajua kwamba siku ya ubishi, mkebe ndio utakaosema.

Hapo pana tofauti ambayo ni rahisi kuipita bila kuiona. Yule mnunuzi wa Umoja alipochelewa mwezi mmoja, kanjo hakuwa na kitufe. Alilazimika kuandika barua. Kisha atume mtu. Mtu huyo apande ngazi, agonge mlango, akutane na mama mwenye sauti na majirani waliotoka kuangalia. Kama ni kufukuza, kuna notisi, kuna korti, kuna wakili wa kusimamisha mambo Ijumaa jioni. Ucheleweshaji huo wote, tunaouita urasimu kwa dharau, ulikuwa ndio ulinzi wa mnyonge. Nani aliyekaa Eastlands asijue landilodi anayeng'oa mlango au kuweka kufuli juu ya kufuli lako? Lakini hata yeye lazima aje, aonekane, na awe tayari kutukanwa.

Sheria ya Kenya iliwahi kulielewa jambo hili vizuri. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya haya-pachesi, yaani kununua kwa kulipa kidogo kidogo, ambayo mpaka leo iko kwenye vitabu kama sura ya 507. Ilikuja wakati ambapo mfanyakazi wa Nairobi alianza kutaka redio, cherehani, jiko la gesi, seti ya makochi, na mshahara wake hautoshi kulipa kwa mpigo. Maduka ya mkopo yalikuwa yanamngoja mjini. Sheria ikaweka kifungu kimoja kitamu: mnunuzi akishalipa thuluthi mbili ya bei, muuzaji hawezi tena kuja kubeba kitu hivi hivi. Lazima aende kortini ashtaki. Yaani sheria ilikiri kwamba umiliki si taa ya kuwashwa siku ya shilingi ya mwisho. Unakua na mtu anavyolipa, na ukifika mahali fulani, aliyelipa anastahili kusikilizwa kabla ya kunyang'anywa.

Weka kifungu hicho akilini. Tutakihitaji.

Redio yenyewe, hata ukiimaliza kuilipa, haikuwa yako kabisa. Ilihitaji kibali cha serikali. Sheria ya utangazaji ilitaka mwenye redio au televisheni awe na ruhusa, ilipiwe, na muuzaji atunze rekodi ya aliyemuuzia. Wazee wa Jericho husimulia jinsi redio ilivyopelekwa chini ya kitanda mtu asiyejulikana akionekana getini na faili kwapani. Inachekesha kuisikia sasa, lakini fikiria mantiki yake: unalipia kibali cha kusikiliza stesheni ambayo ni ya yule yule anayekuuzia kibali, na wakati huo hakuna stesheni nyingine ya kusikiliza.

Mazoea hayo yalihamia kwenye kompyuta. Mwaka 1995, intaneti ilipokuwa ndiyo kwanza inaingia Kenya, lile shirika kubwa la posta na simu lilitangaza kwamba huduma hiyo ni matumizi haramu ya laini zake. Shirika likavunjwa mwaka 1999, tukapata Telkom, Posta na Tume ya Mawasiliano, lakini tabia haikuvunjwa nalo. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni za intaneti zilikusanyika zikafungua kituo cha kubadilishana data hapa hapa Nairobi, ili barua pepe kutoka Umoja kwenda Westlands isilazimike kupitia Amerika kwa setilaiti na kurudi. Telkom ikalalamika kwamba haki hiyo ni yake peke yake. Tume ikakifunga baada ya wiki chache, na kikakaa gizani zaidi ya mwaka mzima hadi kiliporuhusiwa na kufunguliwa upya Februari 2002. Mwaka mzima, manze, kwa kosa la kufupisha njia.

Kisha simu ikamfikia kila mtu. Kwanza tulipanga foleni kwenye kibanda cha simu ya jamii, halafu mtu akanunua kabambe yake, halafu mulika mwizi, halafu zile simu za laini mbili au tatu zilizotoka China, zenye spika ya kutikisa meza na televisheni yenye antena. Mwaka 2009 serikali iliondoa VAT kwenye simu, na hilo ni mojawapo ya mambo mazuri ambayo serikali imewahi kumfanyia mtu wa Eastlands: iliondoa mkono wake tu, basi, na simu zikashuka bei. VAT ilirudishwa mwaka 2013.

Katikati ya hapo, tarehe 30 Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ilizima simu zote zilizohesabiwa kuwa feki. Kwa hesabu iliyotolewa, zilikuwa karibu milioni 1.9. Uliambiwa utume tarakimu zako 15 kwenda 1555 ujue kama simu yako ni ya halali. Watu walisimama Tom Mboya wakibonyeza kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Hoja za serikali hazikuwa za kipumbavu: simu nyingine zilikuwa na IMEI moja iliyorudiwa kwa maelfu ya simu, nyingine hazikuwa nayo kabisa, na polisi hawakuweza kumfuata mtekaji nyara anayepiga kutoka kwenye namba isiyo ya mtu. Ukiishi Kayole na umewahi kunyang'anywa simu na mtu wa bodaboda aliyepita kama upepo, utaelewa kwa nini wengine walishangilia. Lakini aliyebaki na mkebe mkononi alikuwa mnunuzi. Alienda dukani mchana kweupe, akalipa pesa taslimu, akapewa risiti, na simu hiyo ilikuwa imepita bandarini na barabarani bila kuzuiwa na yeyote. Pesa yake hakuna aliyemrudishia. Siku hiyo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba simu inaweza kufa huku betri imejaa.

Televisheni ikafuata. Februari 2015, katika ubishi wa kuhama kutoka analogi kwenda dijitali, mitambo ya NTV, KTN na Citizen ilizimwa na stesheni hizo hazikuonekana hewani kwa siku 19. Zile Great Wall zilizokuwa zimekula betri za gari kwa miaka kwenye vyumba vya Korogocho hazikuharibika siku hiyo. Hewa ndiyo iliyohamishwa. Bila king'amuzi, ulikuwa na fanicha.

Baada ya hapo serikali iliirudia ile namba. Mwanzoni mwa 2017 Mamlaka ya Mawasiliano, jina jipya la tume ile ile, ilizitaka kampuni za simu ziruhusu mtambo wake uunganishwe kwenye mitandao yao, kwa madai ya kusaka simu feki. Okiya Omtatah akaenda kortini, Chama cha Mawakili kikajiunga, na Aprili 2018 Jaji John Mativo akasema mpango huo unakiuka faragha inayolindwa na kifungu cha 31 cha Katiba. Mahakama ya Rufaa ikaupindua uamuzi huo mwaka 2020, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaikataa rufaa ya mawakili. Mwaka uliofuata lilikuja agizo jingine: kuanzia Januari 2025, IMEI ya kila simu mpya itolewe kwa mamlaka ya ushuru, na simu isiyoonekana kulipa isiingie kwenye mtandao. Taasisi ya Katiba ikashtaki, agizo likasimamishwa, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikalitangaza kuwa kinyume cha Katiba.

Msimamo wangu hapa ni rahisi. Mwenye kazi ya kukusanya ushuru akusanye bandarini na kwenye uwanja wa ndege, pale anapomkuta mwagizaji na kontena lake. Asitumie simu yangu kuwa karani wake. Orodha ya kila simu na mwenyewe ikishakuwepo, itatumiwa kwa mambo ambayo haikuundiwa, maana hakuna daftari la aina hiyo katika historia ya mji huu lililobaki kwenye kazi yake ya kwanza. Aprili 1954, wakati wa Operesheni Anvil, askari waliizingira Nairobi na mitaa ya Eastlands ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Waliochukuliwa kwa maelfu walitenganishwa kwa kabila, na kabila lilikuwa limekwisha andikwa kwenye karatasi zao. Aliyebuni fomu miaka 35 nyuma alisema ni ya kupanga kazi.

Watu wanaofikiri kama mimi kuhusu serikali huishia hapo, wapige makofi wakae. Mimi nashindwa kuishia hapo, kwa sababu ya kile kifungu cha thuluthi mbili.

Julai 2020 Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo. Weka Sh 1,000, kisha lipa Sh 20 kila siku kwa miezi tisa, na upate simu ya 4G. M-KOPA walikuwa wamekwisha jenga njia hiyo tangu 2012 kwa taa za sola zinazolipiwa kwa M-Pesa, baadaye nao wakaingia kwenye simu. Wengine wakafuata, na leo ukitembea kutoka Mutindwa hadi Donholm utakutana na vijana wa fulana za rangi kali wakikuuzia simu bila pesa. Sitaki kuwadharau. Shilingi 20 kwa siku ni lugha ya Eastlands. Ndivyo tunavyonunua mafuta ya kupikia, kwa kipimo cha siku, na benki haijawahi kuongea lugha hiyo. Kuna watu wengi wanaoendesha biashara leo kwa simu ambayo wasingeipata kwa njia nyingine.

Lakini simu hiyo inakuja na kufuli ndani yake. Usipolipa, skrini inajifunga. Hakuna barua, hakuna mtu wa kupanda ngazi, hakuna majirani. Tufanye hesabu kwa bei zile za 2020: siku 270 kwa Sh 20 ni 5,400, ongeza 1,000 ya mwanzo, jumla 6,400. Thuluthi mbili unaifikia siku ya 164. Kama ingekuwa redio ya mwaka 1970, kuanzia siku hiyo muuzaji angehitaji hakimu. Simu inafungwa siku ya 164 kama inavyofungwa siku ya nne. Na wakili wa kampuni anaweza kusema, kwa uso mkavu, kwamba hajanyang'anya mtu chochote. Si simu iko mfukoni mwako?

Jirani yangu mmoja anaendesha boda. Simu ndiyo inayomletea abiria, ndiyo inayopokea malipo, ndiyo ramani. Aliinunua kwa mpango wa namna hii kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Jioni moja alilipa kama kawaida, ujumbe wa M-Pesa ukafika, na asubuhi skrini ikajifunga ikimwambia hajalipa. Ushahidi wa kwamba amelipa ulikuwa ndani ya simu iliyofungwa. Alitumia siku mbili kwa simu ya mke wake, akibonyeza moja kwa Kiingereza, mbili kwa Kiswahili, mpaka ikafunguliwa bila mtu kusema pole. Siku mbili za boda ni chakula, ni petroli, ni zile shilingi za kesho na kesho kutwa ambazo mashine ilikuwa inamdai bado. Mama wa Umoja angeleta mkebe wa biskuti. Yeye mkebe wake ndio uliofungwa.

Na msidhani ni mambo ya mikopo tu. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za wateja waliolipa ikafuta vitabu viwili vya George Orwell, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Watu walirudishiwa pesa, lakini waliamka wakakuta rafu ina pengo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vilivyonunuliwa vikatoweka nalo. Kimoja cha vile vya Orwell tunacho kwa Kiswahili tangu 1967, Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Nakala ya karatasi iliyosomwa na watoto watano, jalada limeshikwa na gundi, bado inauzwa kando ya barabara mjini, na aliyeichapa hawezi kuifuata. Hata zile DVD za shilingi 50 zenye sauti ya DJ Afro, ambazo haki za kisheria hazikuwa upande wake, zilikuwa na sifa moja: ukishainunua ni yako, unamwazima jirani, anaikwaruza, mnagombana. Filamu unayoitazama sasa kwa kulipa kila mwezi huwezi hata kugombania.

Kwa hiyo serikali ndogo, ndiyo, naitaka. Lakini si serikali iliyolala. Kazi chache naziona ni zake halali, na mojawapo ni hii ya kusema mkataba una mipaka, na mtu asihukumiwe na programu. Bunge la 1968, ambalo sina sababu nyingine nyingi za kulisifu, lilifanya hivyo kwa sentensi chache bila kuunda mtambo, daftari wala mamlaka mpya. Lilimwambia tu muuzaji: kuanzia hapa, nenda kortini. Sioni kwa nini mahali pa cherehani pasiandikwe simu, na kuzima kusihesabiwe kuwa ni kunyang'anya. Tena iandikwe kwamba simu iliyofungwa bado ipige simu ya dharura na imwonyeshe mtu ujumbe wake wa malipo. Na ikimalizwa kulipwa, kufuli liondolewe lote, programu yenyewe itoke, si kulala tu ndani ikisubiri.

Hilo la mwisho si dogo. Muuzaji anayefunga simu anaitambua kwa namba gani? Kwa zile tarakimu 15. Anazo kwenye daftari, pamoja na kitambulisho chako, namba yako ya M-Pesa na mara nyingi picha ya uso wako. Daftari ambalo Mahakama Kuu iliizuia serikali kuliunda mwaka 2025 limeundwa tayari kwa vipande, dukani, kwa hiari yetu, tukiweka sahihi kwa kidole. Aliyezoea kufikiri kwamba hatari inatoka upande mmoja tu, ajaribu kufikiria siku ambayo barua rasmi itaomba nakala.

Karibu na soko la Mutindwa kuna fundi mmoja ambaye kibanda chake ni meza, taa ya kukuzia na chuma cha kulehemu. Anabadilisha skrini, anatoa maji kwenye simu iliyoanguka chooni, anafufua betri. Ukutani ameandika kwa kalamu ya wino mzito, kwenye kipande cha katoni: SIMU ZA LOAN HATUFUNGUI. Anaweza kuzifungua, baadhi yake, na wateja wake wanajua anaweza. Nilimuuliza nani humletea maombi hayo zaidi, wezi au wenye deni. Akasema wezi wanakuja usiku na hawabishani bei. Wanaokuja mchana na kukaa kwenye benchi ni watu waliokwisha maliza kulipa, wamebeba risiti, na wanataka amsaidie kuondoa jina la kampuni ambalo bado linatokea kila wakiwasha simu.